Kidonge Kizima

Kwa binti yangu mpendwa, Mama Pacha,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na mwenzako na wajukuu zangu wawili. Natumaini barua hii itawakuta nyote mkiwa na uzima wa kuisoma mpaka mwisho. Mimi mzee wako sijambo kwa kiasi cha umri wangu. Goti la kushoto ndilo linalolalamika, nami nimezoea kulisikiliza bila kulijibu. Barua yako niliipokea juzi, ikiwa imechukua majuma matatu njiani, na tangu hapo nimeisoma mara nyingi kuliko macho yangu yanavyopenda.

Niwie radhi, mwanangu, kwa kuzikatiza salamu. Mapadri walionifundisha kuandika walituonya tusiombe wala kuamuru jambo lolote kabla ya ukurasa wa pili, na miaka yote hii nimewatii. Leo nawaasi. Kabla hujaendelea kusoma, inuka, umpe pacha mdogo kidonge chake cha kifafa kikiwa kizima, asubuhi na jioni, kama daktari alivyoandika. Usikikate. Ukishampa, rudi uketi, nami nitakueleza kwa nini.

Umenieleza kwamba tangu kiwanda cha nguo kifunge milango yake, mwenzako anashinda nyumbani akitengeneza viti ambavyo havijavunjika, na kwamba mmekwisha kuuza simu na kitanda cha wageni. Umeniomba nikuandikie mbinu zote ambazo mimi na marehemu mama yako tulizitumia kulea watoto watano kwa ujira wa mfunga vitabu mmoja. Ningekuandikia kwa furaha. Lakini mwishoni uliongeza maneno haya, nami nayanakili kama yalivyo: “Hata dawa ya mtoto nimeanza kuikata nusu, Baba, kama Mama alivyokuwa akifanya, na wala hajaanguka. Kweli mimi ni mtoto wa Bwana Nusu.”

Unajua jina hilo lilivyoanza. Njiti ya kiberiti niliipasua kwa wembe ikawa mbili, na zote mbili ziliwaka. Mche wa sabuni niliukata vipande kwa uzi wa kushonea vitabu, nikavianika juu ya kabati vikauke, kwa sababu sabuni mbichi huyeyuka upesi. Kola za mashati yangu mama yenu alizifumua na kuzigeuza, upande uliolika ukajificha ndani. Vumbi la makaa tulilikanda na udongo wa mfinyanzi tukafanya madonge, na maharage hayakuwahi kuingia chunguni bila kulowekwa. Madaftari yenu yaliyobaki na kurasa safi niliyafumua kila mwisho wa mwaka, nikayashona upya na kuyapa jalada la kitambaa, hata mwalimu wenu akaniuliza nimeyanunua duka gani. Mtaa mzima ulicheka, nami, Mungu anisamehe, nilijivuna. Mama yenu alikuwa akiwaambia majirani kwamba nikipewa unywele nitaupasua, nusu nitie akiba, nusu nimrudishie mwenyewe. Mbinu hizo zote ni zako, zitumie bila hofu. Hazikumdhuru mtu.

Sasa nisikilize kwa makini, maana nimekuwa nikizunguka.

Ninyi watoto mliamini kwamba mama yenu ndiye aliyezikata dawa zake za presha. Hapana. Ni mimi. Mwaka ule kiwanda cha uchapaji kilipotupunguzia siku za kazi, tulikuwa mezani, mimi nikipasua njiti, naye akaniwekea pakiti ya vidonge mbele yangu akisema kwa mzaha kwamba labda hata hivi Bwana Nusu angeviweza. Nilichukua wembe. Kidonge cha kwanza kiligawanyika sawasawa bila kudondosha hata unga, na mkono wangu wa ufundi ulifurahi. Toka siku hiyo dawa ya mwezi mmoja ikatosha miezi miwili. Naye kweli hakuanguka. Alipika, alifua, aliimba kwaya. Ndiyo maana neno lako hilo, kwamba mtoto hajaanguka, limeniondolea hamu ya chakula. Sisi nasi tulilisema.

Kliniki nilikuwa nikimsindikiza na kuzungumza kwa niaba yake, kwa kuwa aliona haya mbele ya wasomi. Muuguzi alimpima, akatikisa kichwa, akaniuliza kama mama anameza dawa kama ilivyoandikwa. Nilimjibu, “Kikamilifu, dada.” Nilivaa tai siku hiyo. Akaniamini, akahitimisha kwamba dawa ile haimtoshi, akamwandikia kali zaidi. Tukafika nyumbani, nikaikata na hiyo.

Miezi minne baadaye, mchana kweupe, alikuwa akianika mashuka, akaketi chini taratibu kama mtu anayetafuta kibanio kilichodondoka, na hakusema tena neno lililoeleweka. Aliishi siku tisa. Ninyi mlipokuja kwa mazishi niliwaambia kwamba ulikuwa ugonjwa wa ghafla, na kasisi akalirudia neno hilo kanisani, nami niliketi mstari wa mbele nikiliitikia.

Nilipopata barua yako sikukaa. Nilichukua shinikizo langu, ile mashine ya chuma ya kubania vitabu, na kisu changu kirefu cha kukatia karatasi, nikavipeleka kwa mnunuzi wa vyuma. Akalizungusha shinikizo, akacheka bila ubaya, akaniambia, “Mzee wangu, siku hizi vitabu vinafungwa na gundi. Hili nitalipima kama chuma tu.” Akalipima. Nikaenda moja kwa moja kwa muuza dawa, nikamtajia dawa ya mtoto. Akasema haiuzwi bila kadi ya mgonjwa mwenyewe, na hata ningekuwa nayo, rafu yake ni tupu tangu mwezi uliopita. Nilimsihi kwa Kiswahili chote nilichofundishwa. Alinisikiliza kwa adabu, akamhudumia aliyekuwa nyuma yangu.

Kwa hiyo fedha ya shinikizo naituma kama ilivyo. Nimeishona ndani ya kadibodi hii niliyofungia barua. Fumua upande wenye uzi mweusi. Itamtosha mtoto mwezi mmoja, pengine na siku chache. Baada ya hapo sijui, mwanangu, na sitakudanganya kwamba najua. Sina kingine cha kupimwa kwenye mizani. Uzeni viti, uzeni mlango, mle wali mtupu, ombeni kanisani, lakini wembe usiguse dawa.

Limebaki jambo moja, na ningependa kuliruka. Siku ile ile ya kliniki muuguzi alinipima na mimi, akasema nami presha yangu iko juu, nianze dawa. Nilikataa. Nilisema mgonjwa mmoja anaitosha nyumba moja, nikajiona mwanamume mwenye busara. Mama yenu alikunja kadi yake ya kliniki, tukarudi nyumbani. Arobaini ilipokwisha nilifungua kopo lake la kushonea nikitafuta sindano, nikakuta karatasi ya daftari iliyokunjwa vizuri, na juu yake mwandiko wake: “Za Baba.” Ndani mlikuwa na nusu za vidonge, nyingi. Siku moja alimeza nusu yake, siku ya pili aliniwekea mimi. Nami nilikuwa nikimwona kila asubuhi akinywa maji.

Ungetarajia kwamba nilizitupa, au nilizizika pamoja naye. Sikuweza kutupa kitu kilicho kizima kwa matumizi, hata siku hiyo sikuweza. Nilizimeza, moja kila siku, mpaka karatasi ikabaki tupu. Sijui kama ndizo zilizonifikisha leo. Sikupata kumwambia mtu.

Sikuombi unisamehe. Ndugu zako wasomee barua hii ukipenda, au wafiche, uamuzi ni wako. Msalimie mwenzako, mwambie sina dharau naye hata kidogo, kazi ikifungwa si mkono wa mtu. Pacha mkubwa mpe pole kwa kugawana kila kitu tangu tumboni. Pacha mdogo mpakate kwa niaba yangu.

Utaona kwamba safari hii nimeandika upande mmoja tu wa karatasi, mimi niliyekuwa nikijaza hata pambizo. Sikuwa mbadhirifu. Nyuma nimepaacha patupu ili ukose sababu ya kununua karatasi, na stempu nimeitia ndani. Niandikie hapo kwamba amemeza kizima. Kama barua hii imechelewa, usiandike kitu. Irudishe hivyo hivyo, nitaelewa.

Mimi baba yako,
Bwana Nusu