Laini inayojikokota na kengele ya Mama

Jumamosi, Novemba 1999. Gisenyi. Mvua asubuhi, sasa mawingu, ziwa halionekani.

Leo mi sikai chini. Tangu niamke, kichwa kimeshika swali moja tu: kwa nini internet ya nyumba hii inajikokota hivi?

Bon, nianze mwanzo. Dada yetu mkubwa, Yaya Espérance, yuko Bruxelles. Rafiki yake alipita Nairobi akapiga picha ya vijana wanaopakia mizigo sokoni. Aliporudi, akaona kwenye ukuta wa nyumba ya Yaya picha ya komunyo ya mdogo wetu Fiston, akasema huyu mbona anafanana na kijana mmoja wa kule. Fiston aliondoka na lori la mizigo upande wa Kisangani, vita ikamkuta huko, hatujasikia neno lake tena. Yaya hawezi kuhakikisha. Yeye alipotoka Goma, tulikokaa kabla ya hapa, Fiston alikuwa bado analia akinyolewa. Anayeweza kusema ni Mama, basi Yaya akaiweka picha kwenye internet ili Mama aitazame.

Na picha haishuki.

Inakuja mstari kwa mstari kutoka juu. Tumeona mbingu, tumeona paa la duka. Jumamosi iliyopita tuliona nywele na kipande cha paji la uso, halafu laini ikakatika. Mama alikuwa nyuma yangu na mwiko mkononi. "Nywele ni ya Fiston," akasema. Ayi, Mama! Nywele zile, nani hana?

Sina ruhusa ya kujaribu siku nzima. Kompyuta ikishika laini, simu haiwezi kulia, na Mama hataki kabisa simu isilie, maana Fiston aliondoka na namba yetu ameiandika kwenye kiganja. Siku za kazi mi niko ofisini, Mama yuko Petite Barrière, pale mpakani na Goma, anauza vitunguu na karoti. Inabaki Jumamosi, na hapo pia kwa sheria yake: "Maharagwe ikianza kutokota, ingia. Ikiiva, toka."

Nimejaribu yote. Modemu nimeitoa karibu na redio. Waya wa nyuma nimeubadilisha, vichwa vyake nimevifuta mpaka vikang'aa. Papa Divine, jirani wa ng'ambo ya ua, anaapa kwamba ni Nyiragongo: "Ule mulima iko inavuta umeme!" Nikamjibu, Papa Divine, volkano inajuaje kwamba leo ni Jumamosi?

Nilipolisema hilo, nikajisikia mwenyewe.

Kweli, inajuaje? Maana Jumatano nilikuwa na homa, nikabaki nyumbani peke yangu. Niliingia kidogo tu kusoma ujumbe wa Yaya, na maneno yakaja mbio ajabu. Mvua ilikuwa ileile, mlima uleule. Picha sikuifungua. Picha ile si ya kutazama bila Mama.

Donc leo, Mama alipobandika sufuria, sikugusa kompyuta. Niliinua simu nikasikiliza. Kimya, sauti safi. Nikangoja. Maharagwe yalipoanza kutokota nikainua tena: shwaaa, kama mtu anakaanga samaki ndani ya simu!

 Nikaufuata waya kwa mkono, kutoka sebuleni, nje kupitia dirisha, juu ya uwanja, mpaka jikoni. Jiko letu liko nje kama majiko yote ya hapa, na ukiwa kule simu ya sebuleni huisikii. Ndiyo maana Mama alimwita fundi wa redio avute waya wa pili, aweke kengele juu ya mlango wa jikoni. Waya haukutosha, wakaunganisha. Kiungo Mama alikifunga mwenyewe kwa kipande cha sashe, mfuko wa plastiki, namna tunavyofunga kila kitu hapa kwetu. Na kiungo chenyewe kinaning'inia wapi? Juu ya imbabura ya makaa, juu kabisa ya sufuria ya maharagwe. Kilikuwa kinadondosha maji.

Saa niliyopewa ya kuingia ilikuwa ndiyo saa ya mvuke. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu ilibidi nimwambie. Hata sufuria ikiondolewa, kiungo kimeshalowa. Ili uso ushuke leo, kengele itoke.

"Iyo hapana," Mama akasema. "Na akitelefona mi niko huku, nani atasikia?"

Sikubishana naye. Nilimwambia tu: Mama, ni kwa kitambo kidogo, tumtazame usoni. Alikoroga maharagwe ambayo hayakuhitaji kukorogwa. Halafu akafuta mikono kwenye kitenge, akapanda juu ya kibao, akaufungua waya mwenyewe.

Picha ilishuka. Paji la uso, nyusi, macho. Mama akavuta kiti. Pua. Mdomo. Nilikuwa namtazama yeye, siitazami picha, maana nilijua jibu litatokea kwake kwanza.

"Haiko yeye."

Mi ndiye niliyelia. Mama aliendelea kumtazama yule kijana, akamgusa shavu kwenye kioo kwa kidole chenye harufu ya maharagwe. "Lakini huyu pia ni mutoto ya mutu," akasema. "Iko mama fasi fulani anangojea hii uso." Akaniuliza kama inaweza kutoka kwenye karatasi. Inaweza, ofisini. Jumatatu nitaitoa, na Mama ataibeba Petite Barrière pamoja na vitunguu vyake, amwonyeshe kila mwanamke anayevuka.

Mchana nilikata kiungo kile, nikaunganisha upya, nikafunga kwa mpira wa baiskeli, nikaupitisha waya ukuta wa pili, mbali na mvuke. Mama hakuamini kazi yangu. Akanituma kwa Papa Divine nipige simu nyumbani, tujue kama kengele inalia.

Nikapiga. Nikaisikia kengele ikilia ng'ambo ya ua, kisha ndala za Mama zikikimbia kutoka jikoni. Yeye ndiye aliyenituma, alijua ni nani anapiga.

"Allô?" akasema, pumzi juu. "Fiston?"

"Ni mimi, Mama," nikajibu. "Inalia vizuri."