Tumaini Anajifunza Kuniambia

Jumatatu, 5 Mei
Tumaini kapangiwa kuwa daktari! Ijumaa ni mtihani wa igizo huko chuoni kwao cha utabibu: daktari anampa mke taarifa ya kifo cha mumewe. Nilikuwa napepeta mchele, ungo ukanitoka. Mtoto wa mama wa darasa la saba! Mazoezi tunafanyia nyumbani, mke ni mimi. Nani Ifakara nzima anaweza kulia kama mimi?

Jumanne, 6 Mei
Nimelia mpaka jirani, Mama Siwema, kaja mbio na mkeka wa msiba. Katukuta tunacheka. "Mama Tumaini, siku nyingine hatuji!" Baba Tumaini kapiga simu toka Chita, anavuna mpunga. Nimemsimulia. Kacheka: "Unanililia mapema hivyo?"

Jumatano, 7 Mei
Tumegombana. Nimemwambia aseme "mgonjwa amezidiwa." Ndivyo tunavyoambiana sisi, mtu afike kwanza, akae na wenzake. Anasema mwalimu hataki. Lazima aseme "amefariki." Ukatili mtupu. Nimekasirika, sikumlilia.

Alhamisi, 8 Mei
Tumaini karudi mchana. Kavuta kigoda, kanikalisha, kanishika mikono. "Mama, nina taarifa mbaya. Baba amefariki. Kaumwa na nyoka shambani."
Nikamsifu. Leo uso umeuweza, na huyo nyoka umemtoa wapi! Nikaanza kilio changu. Mama Siwema akapaza sauti toka uani kwake: "Kazaneni, mtafaulu!"
Tumaini hakucheka. Hakuniachia mikono. Akarudia. Baba amefariki, Mama. Wamenipigia mimi toka Chita.
Yowe kapiga yeye. Ndipo mkeka ukaja.

Jumamosi, 10 Mei
Mtihani wa jana umempita. Mwalimu wake kaja kutoa pole, kasema ataufanya baadaye. Nimemwambia mimi nimeshamsahihisha, kapata zote.
Angesema baba yake kazidiwa, ningebandika uji. Ningepanda treni mpaka Chita na chupa ya uji mapajani, namuwahi mgonjwa.
Mwili umefika. Mama Siwema hajatoka hapa tangu juzi, anapika. Shemeji zangu wako njiani toka Mlimba. Wote watakuwa hapa kesho, Jumapili, tuzike baada ya ibada.