Kikombe cha Kifaru

Baba Watoto,

Nimempeleka Kifaru kwa daktari wa mifugo. Usinipigie simu kila dakika, mikono yangu imemshika mbwa.

Ukirudi mchana, hata viatu usivue. Vaa glavu uokote chembe zote za dawa ya konokono kwenye matuta ya kabichi. Usizimwagie maji. Pakiti nimekwenda nayo, daktari ataitaka.

Jana si nilikuambia upimie dawa kwa kopo bovu? Wewe ukachukua kikombe cha chakula cha Kifaru! Asubuhi nikiwa kitandani nikakusikia unakigonga kwenye jiwe ukingoni mwa tuta, ko ko ko, vilevile unavyomwita kula. Nikasema moyoni, leo mume wangu kamkumbuka mbwa. Kumbe unakung'uta sumu, na maskini akaja mbio. Ulipokwisha kwenda kazini nikamkuta chini ya meza anatetemeka, povu linamtoka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila leo guu si lako.

~~Sirudi mpaka uniombe radhi.~~ Wali uko kwenye sufuria, pasha.

Kitinda mimba akitoka shule, mwambie mbwa yuko kwa daktari, basi. Usimwambie atapona. Sijui.

Na paka sijamwona tangu asubuhi. ~~Gonga kikombe, atakuja.~~ Hapana! Kikombe kitupe. Zunguka nyumba umwite kwa mdomo, hata majirani wakucheke, mpaka aje.

Bado mkeo.