Manda Hadi Mombasa kwa Ndege

Mjukuu wangu Rukia,

Sote wazima, na shangazi yako ameolewa Chundwa. Wasema Nairobi hadi London ulilala ukaamka ungali angani. Wauliza kama enzi zetu Mombasa nayo ilikuwa mbali.

Kwa ndege hata saa moja haikutimia! Lakini miaka ya sitini nilimfikisha dada yangu Zena kwenye ndege pale Manda, mkunga ameshindwa kumzalisha, karani akasema, "Kiti kilichobaki amewekewa mbwa wa mgeni."

Mbwa, Rukia! Nikaketi mbele ya gurudumu.

"Bi, ondoka!" karani akafoka.

"Mpandishe Zena kwanza."

Rubani mwenyewe akamshusha mbwa. Zena akajifungua salama Mombasa.

Hadi leo nikiambiwa ndia ya kwenda Mombasa ni fupi, huuliza: fupi kwa nani?

Bibi yako,
Mwanaesha