Kigoda cha Marehemu

Dandora, Jumapili

Kwa Dada yangu mheshimiwa Wambui,

Nakusalimu katika Bwana. Madhumuni ya kadi hii ni kukuomba uamuzi.

Leo tumeabudu katika nyumba isiyoezekwa bado, kila muumini na kigoda chake. Mimi, mgeni, nilisimama. Mjane mmoja wa Kakamega, aliyebeba viwili, akanisogezea kimoja.

“Kaa, baba, usitusimamie kama askari. Ni cha mzee wangu.”

“Naye atakalia nini?”

“Ametangulia kwa Bwana. Siku ya ufufuo atakidai mwenyewe!”

Akacheka, nami nikatokwa na machozi. Nilikumbuka kigoda cha Mama, alichokalia akitukorogea uji, ambacho wewe umekificha darini tangu tulipomzika.

Bwana akufariji, Dada. Je, unaridhia kishushwe, watoto wetu wakikalie?

Nduguyo mtiifu,
Kamau