Benchi Lililotakiwa Kuondolewa

Chumba namba 14, ghorofa ya tatu,
Juu ya duka la fundi viatu.
Jumapili, tarehe 9, mchana.

Mpendwa wifi yangu, Mama Pacha,

Basi pale simu ilipokatika ulikuwa unauliza, "Benchi? Benchi limefanya nini?" Na mimi nilishavuta pumzi ya kukueleza, mara kimyaa. Nikaona bora nishike kalamu, hii haiishiwi chaji.

Ila ngoja kwanza nikusalimie, usije ukasema nimesahau adabu. Hujambo wifi? Mgongo unaendeleaje? Mapacha wameacha kung'atana? Na mume wako, bado anakoroma mpaka majirani wanajua kalala saa ngapi? Mimi mzima, nakula, nalala, meno yote yapo. Kicheko nacho kipo, ila siku hizi nacheka peke yangu, na kucheka peke yako ni kazi kuliko kufua.

Haya, benchi. Unajua mimi huku ugenini nafua mashuka ya hospitali, kule chini kabisa ya jengo, hata dirisha hakuna. Mashine sita, vikaushio vinne, na meza ndefu ya kukunjia. Zamu ya asubuhi tulikuwa wawili tu, mimi na mama mmoja anayeshona mashuka yaliyochanika. Mimi namwita Fundi, yeye ananiita Mashuka. Lugha yake siijui, yangu haijui, na Kiingereza wote tunachechemea. Lakini tulielewana jamani! Kati ya vikaushio viwili palikuwa na benchi la mbao. Ukikaa hapo mgongo unapata joto kama umebebwa. Saa nne tunakaa na chai zetu, ananionyesha picha za wajukuu, namwonyesha za mapacha. Nikamsimulia ile siku uliyodondoka na keki kwenye harusi yangu, kwa mikono tu, akacheka mpaka chai ikamtoka puani.

Hiyo robo saa, wifi, ndiyo ilikuwa siku yangu. Nikishatoka hapo, mpaka kesho yake saa nne, sina wa kumwambia hata "aa".

Sasa Jumatatu moja tunaingia, benchi hakuna. Ukutani karatasi. Nikaibandua, nikampelekea mlinzi wa getini, yeye lugha yetu anaijua na Kiingereza kimemkaa. Akavaa miwani, akasoma: "Inatakiwa vyumba vya kazi visiwe na viti visivyo vya lazima. Inategemewa wafanyakazi watazingatia."

Nikamuuliza, "Nani kataka?"

"Haijaandikwa."

"Na anayetegemea ni nani?"

"Mama, na hilo halijaandikwa. Kiingereza cha makaratasi ndivyo kilivyo. Mtu anajitoa, inabaki amri."

Tangu siku hiyo nikaanza kuyaona. Yako kila mahali, wifi! Kwenye ngazi, kwenye lifti, kwenye mlango wa friji. *Iti izi rikwayadi*, inatakiwa. *Iti izi ekspektedi*, inategemewa. Vikombe vioshwe. Mlango ufungwe. Kimya kizingatiwe. Najua hata kwetu ofisini wanasema "inapaswa", lakini kwetu ukishuka ngazi utamkuta mtu wa kukwambia nani kaileta hiyo, na mkewe kasemaje. Huku unauliza, watu wanakutazama kama umeuliza upepo umezaliwa wapi.

Nikamkumbuka kaka yako, Mungu amrehemu. Yeye alikuwa akitaka chai anasema "lete chai". Nanuna, napiga sufuria, lakini najua nimemnunia nani. Naye anajua kanuniwa. Jioni tumeshapatana. Sasa karatasi utainunia vipi?

Nikasema sikubali, nitamtafuta huyo anayetaka. Nikaenda kwa msimamizi wetu, namwita Bwana Tai maana tai haimtoki shingoni, nadhani hata kuoga anaoga nayo. Akasema, "Si mimi. Imeelekezwa." Nikaenda stoo. Yule wa stoo kasema, "Mimi nimebeba tu, ilisemwa libebwe." Nikapanda ghorofa ya nne, na magoti haya, mpaka kwa mama mmoja ana miwani ya mnyororo. Kapekua faili, kapekua kompyuta, mwisho kavua miwani. "Ukweli sijui ilitoka kwa nani. Nilipoanza kazi ilikuwepo." Alikuwa mpole, maskini, kanipa na peremende. Nikashuka na peremende yangu.

Chini tukawa tunakunywa chai tumesimama, Fundi kwenye cherehani yake kule, mimi huku, mashine zinanguruma katikati. Huwezi kusimulia harusi kwa mikono ukiwa umeshika kikombe. Wiki ya pili tukawa tunapungiana. Ya tatu hata kupungiana kukawa kwa kubahatisha.

Nikarudi kwa mlinzi. Nikamwambia, "Niandikie na mimi yangu." Akacheka mpaka kofia ikaanguka, lakini akaandika: Inatakiwa benchi liwekwe kati ya vikaushio katika chumba cha kufulia. Inategemewa jambo hili litekelezwe kabla ya Ijumaa. Nikataka tuweke jina langu, akakataa kabisa. "Ukiweka jina, wataanza kuuliza wewe nani. Usipoweka, hakuna wa kuuliza." Nikaibandika palepale ilipokuwa ile nyingine.

Alhamisi, wifi, Alhamisi! Wanaume wawili hao, na benchi. Mmoja ananiuliza liwekwe wapi, nikamjibu bila kutabasamu, "Inatakiwa pale." Bwana Tai kapita, kasoma karatasi, kaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeijua tangu zamani, kaenda zake.

Nikageuka nimwonyeshe Fundi. Cherehani haipo, wala yeye; kumbe wamehamishwa wakati nimepeleka mashuka wodini. Kwenye nafasi yake vumbi, umbo la miguu minne. Na karatasi, bila shaka. Imeamuliwa ushonaji uhamishiwe jengo la pili.

Saa nne nikakaa kwenye benchi langu. Sikujua kama lile benchi ni refu hivyo. Nilikaa katikati, nikaona ni uroho, nikasogea upande wangu wa siku zote. Chai ikapoa.

Mlinzi kaniambia, "Tuandike nyingine, inatakiwa Fundi arudishwe." Hapo nikasita. Benchi halina hiari, unalibeba tu. Huyu ni mtu, na huko alikopelekwa nasikia kuna dirisha. Halafu wifi, nikwambie lililonikalia kooni: sijui kama alikuwa anakaa na mimi, au alikuwa anakaa tu kwa sababu benchi lipo. Nilivyo na mdomo huu, pengine kule kapumzika. Miezi kumi na minane nimeishi hapa, sina rafiki mwingine. Kama na huyu si rafiki, basi nimekuwa nikiongea na vikaushio.

Nikamwambia mlinzi, "Andika hivi, na jina uweke: Mimi Mashuka nakuomba uje kwangu Jumapili mchana. Hakuna aliyeagiza. Nataka mimi." Na namna ya kufika, jengo la fundi viatu, ghorofa ya tatu. Mashuka yaliyochanika bado tunampelekea kwa toroli, basi nikachukua foronya moja yenye tundu, nikaibana karatasi kwa pini ndani ya lile tundu. Hapo hawezi kupitwa, ndipo mkono wake unapoanzia.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Ijumaa foronya imerudi. Tundu limeshonwa, vizuri kama kawaida yake, huoni hata uzi ulipopita. Nikaipindua ndani nje, nikaikung'uta, nikachungulia pembe zote. Hakuna kitu. Pini imechomekwa pembeni kwa usalama, basi.

Leo ndiyo Jumapili yenyewe. Nimefagia mara mbili. Vikombe viko viwili mezani, na kila nikipita nasema nikirudishe kimoja kabatini, halafu sikirudishi. Saa nane imeshapita. Nikaona badala ya kukaa natazama mlango nikuandikie wewe, maana wewe hata ukinichoka huna pa kwenda, mimi ni wifi yako.

Sijui nimwache tu. Labda alishindwa kusoma. Labda kasoma vizuri sana. Kesho nitak

Wifi! Kuna kelele nje. Nimechungulia dirishani. Kasimama ng'ambo ya barabara, kavaa koti la kutokea, ana bakuli limefunikwa kitambaa, anagonga mlango wa jengo la watu huku anaita "Mashuka! Mashuka!" mtaa mzima unafungua madirisha. Kakosea mlango, na sasa anageuka kuondoka!

Nisalimie mapacha, mumeo, mama mkwe na shangazi. Mungu awaweke chini ya mkono wake. Nashuka, hata viatu sivai.

Akupendaye mbio mbio,
Wifi yako