Kidonge Alichopewa Mbwa wa Baba Mkwe

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana siri hii si yangu lakini mimi ndiye inayemkosesha raha. Tunaishi na baba mkwe, aliyefiwa na mkewe, pamoja na mbwa wake mzee ambaye kwake ni kama kitinda mimba, na mbwa huyo ana jino bovu, basi siku ya kwenda kung'olewa mume wangu aliogopa kung'atwa garini akampa kwa siri kidonge cha kutuliza alichopata kwa rafiki yake, na kule kliniki daktari, asijue lolote, akamdunga sindano ya usingizi juu ya kidonge hicho, mara ufizi ukapauka, miguu ikawa ya baridi, mapigo ya moyo yakazorota, wakaacha jino wakahangaika kumrudisha. Daktari akasema huenda moyo umechoka, asipewe tena dawa ya usingizi. Sasa mbwa hali chakula kwa maumivu ya jino, analamba maziwa tu, na baba mkwe ameamua mwisho wa mwezi achomwe sindano ya kumpumzisha milele. Mume wangu ananiambia, "Nyamaza, mke wangu, baba akijua hatanisamehe." Jana baba mkwe kaniomba nimtafutie blanketi la kumfunikia siku hiyo, nikaenda kulia bafuni. Nimsaliti mume wangu, au ninyamaze?

Mkwe Mwenye Siri

Pole, mwanangu. Kabla ya kukujibu nimemuuliza daktari wa mifugo. Dawa hizi hazileti usingizi tu, zinagusa moyo na mishipa. Nyingine hulegeza mishipa, presha ikashuka. Nyingine hupunguza mapigo na kuibana mishipa hadi ufizi unapauka. Daktari wenu alipima dozi ya mbwa asiye na kitu mwilini, kumbe alishaleweshwa nyumbani. Huenda moyo ni mzima, huenda kweli ni mbovu. Mimi sijui, wewe hujui, na daktari hawezi kujua huku mmemficha nusu ya habari.

Unaniuliza habari za usaliti? Mwanamume mzima aliogopa meno, sasa anamwogopa baba yake, nawe unakubali kuwa ngao. Mwambie leo aende kwa daktari na jina la kidonge, kiasi, na saa aliyompa mbwa. Akisitasita, piga simu wewe. Moyo upimwe upya kabla ya kuamua lolote. Kisha akae na baba yake amweleze kwa mdomo wake, usikubali kutumwa.

Mzee atakasirika, na ana haki. Hasira hiyo itapoa. Lakini akishamzika mbwa wake ndipo ajue, hamtakuwa na la kumwambia, na kila akiwatazama mezani mtajua anawaza nini.